Vifungo vya Mgongoni

6 Februari

Kijiko, mpwa wangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ukiondoa paa la mama yako, ambalo lina ugonjwa usiojulikana. Fundi kila akishuka linavuja mahali pengine. Sasa mama yako ameweka kiti chini ya ngazi anamsimamia, na maskini yule anaogopa kushuka. Unamjua dada yangu. Mdogo wako Kinanda amepata mchumba. Yule aliyelia utotoni mpaka majirani wakambandika jina, leo anacheka peke yake barabarani. Harusi wanasema ni Septemba.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Cherehani zimenila masikio, na wewe kwenye simu ni "mzima, mzima, mzima," halafu umekata. Barua haikati.

Haya, fungua kifurushi. Polepole, usikate kamba kwa meno. Ni gauni la siku yako ya kuzaliwa. Kitambaa nilikificha nyuma ya rafu tangu mwaka juzi, kila aliyekitaka nikamwambia kina mwenyewe. Geuza mgongo uone. Vifungo kumi na vinne, kutoka shingoni mpaka kiunoni, vidogo kama punje za hindi, na kila kimoja nimekivisha kitambaa kilekile kwa mkono wangu. Kuna vijana hapa mtaani wanatia zipu kila mahali, hata kwenye nguo za bibi harusi. Zipu ni ya mikoba, Kijiko. Duka langu halijawahi kuingiza zipu mgongoni mwa mwanamke na halitaingiza nikiwa hai.

Livae, unieleze limekukaaje. Kwapa likibana, sema. Usinifiche.

Mjomba wako


1 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini paa limetulia na fundi ameshuka salama. Mpe Kinanda hongera, mwambie dada yake anataka picha ya huyo msichana mwenye moyo mkubwa.

Huku bekari inakwenda. Bosi amenitoa kwenye kukanda unga, amenipeleka kaunta, kuanzia mchana mpaka jioni. Anasema wateja wanapenda ninavyowakaribisha. Mdomo wangu unaujua, hata mkate wa jana nauuza kama umetoka tanurini sasa hivi.

Gauni, mjomba! Nilipolitoa nililia, na si kilio cha kujifanya. Siku yenyewe alinifunga jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja dereva wa teksi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila kifungo alikisindikiza na neno lake juu yako, mengine siwezi kuyaandika kwa mtu mzima. Kwapa halibani. Tulikwenda kula na wenzangu wa kazini, na kila mtu akauliza fundi ni nani. Mwisho wa yote, mjomba, nililala nalo. Niliamka nalo asubuhi limekunjamana lote.

Usinicheke mwandiko. Kalamu mbovu.

Kijiko


20 Machi

Kijiko cha dhahabu,

Hatujambo, na leo mimi ni mzima kuliko wote. Umelala nalo! Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti mpaka karatasi imelegea. Mtu akija kupunguza suruali lazima asikie kwanza: "Mpwa wangu alikataa kulivua!" Muuza viatu wa mlango wa pili ameniomba nimhurumie, anasema ameikariri mpaka salamu. Nimemwambia aonyeshe mtu mmoja aliyelala na viatu vyake.

Basi nimekwisha kulianza gauni lako la harusi ya Kinanda. Vifungo ishirini na viwili mgongoni, na vingine sita kila mkono. Ukipita, bibi harusi ataniomba radhi kwa kwenda kwa fundi mwingine.

Mama yako ananung'unika. Anasema zamani ulikuwa ukimpigia kila alfajiri mkisubiri tanuri lipate moto, siku hizi kimya mpaka mchana. Nimemwambia mtoto amepanda cheo, yuko kaunta. Amesema hewala, lakini hewala yake ina meno.

Nimekuwekea kalamu. Nyembamba, ya chuma, ya watu wenye mwandiko wao. Sitaki kusikia tena habari za kalamu mbovu.

Mjomba wako, mwenye kichwa kilichovimba


2 Mei

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi sijambo. Kalamu ni nzuri, asante.

Harusini sitaweza kuja. Septemba hata huku watu wanaoana, na keki ni nyingi. Niombee radhi kwa Kinanda, wewe unajua namna ya kumwambia.

Mjomba, lile gauni usilimalize. Kitambaa mpe mwingine. Tafadhali.

Kijiko


19 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Barua yako nimeipata. Kinanda nimemwambia, akasema sawa, kisha akatoka nje. Mama yako amesema labda mikate ya huko imekuwa mitamu kuliko ndugu.

Nimekuwa nikikushonea tangu nguo yako ya kwanza ya shule, ile uliyoikojolea kabla hata ya kengele. Hujawahi kuniambia nisimalize. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima: ushonaji wangu unakutia aibu mbele ya wenzako wa mjini? Kama ni hivyo, sema. Itaniuma lakini nitakula na nitalala. Kinachonishinda ni kukisia.

Gauni limetundikwa ukutani, nusu. Natazamana nalo kutwa.

Mjomba wako


3 Juni

Shikamoo mjomba wangu,

Wasalimie wote, lakini barua hii usiisome dukani kwa sauti. Isome peke yako. Nimeiandika vipande vipande, kila siku mchana kidogo, kwa penseli nene ya mtoto wa jirani niliyoizungushia kitambaa. Kalamu yako ni nyembamba mno kwangu. Haikuwa mbovu hata ile ya kwanza. Wabovu ni vidole.

Ilianza mwaka jana. Nilikuwa nikiamka vidole vimekakamaa na kuvimba, nikidhani ni kazi ya kukanda. Kisha viganja, kisha magoti. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko saa zote, inabidi niviloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vikubali kuniitikia. Nikaangusha trei moja, nikaangusha ya pili, maji yakazidi unga, nikaenda hospitali.

Daktari alinieleza hivi. Mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi. Walinzi wangu wamechanganyikiwa, mjomba, wanawapiga watu wa nyumbani. Wanapiga maungio. Ni aina ya baridi yabisi, lakini haikuletwa na kulala bila blanketi, na haimngojei mtu azeeke. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe fundi nguo utanielewa haraka kuliko wengine. Haiambukizi. Hakuna aliyenitupia kitu, wala sikumkosea mtu, kwa hiyo mwenye dawa ya kufukiza asihangaike. Nina vidonge vyangu, napimwa damu, na nimeambiwa nisiviache hata nikijisikia vizuri. Vinafanya kazi polepole. Haviondoi ugonjwa, vinawatuliza wale walinzi. Kuna siku nafagia, naimba, nasahau. Kuna siku bomba la maji linanishinda.

Bosi hakunipeleka kaunta kwa ajili ya tabasamu. Nilimwambia ukweli, naye akanitafutia kazi ya mchana badala ya kunifukuza. Mungu ambariki, ingawa ni mbahili wa siagi.

Sasa gauni. Jirani alinifunga, hilo ni kweli. Niliporudi jioni yeye alikuwa amepata abiria wa mbali. Nilijaribu kile kifungo cha shingoni mpaka machozi yakanitoka. Mkasi ulikuwa mezani. Niliushika, mjomba. Nikakuona umeinama unakivisha kila kimoja, nikaurudisha. Nikalala nalo, kifudifudi. Asubuhi jirani alikuja, akacheka, kisha akaniona uso akaacha kucheka, akanifungua kimya kimya.

Kwa hiyo sikukudanganya. Nililala nalo. Furaha uliitia mwenyewe, na mimi nikaona ni tamu mno, nikakuachia. Ushonaji wako haujawahi kunitia aibu hata siku moja. Ukifikiri hivyo tena nitakuja nikupige kwa mkono huuhuu mbovu.

Naomba kitu kimoja tu. Mama asijue. Akijua atapanda basi siku hiyohiyo aje anichukue. Atanilaza, atanilisha, atanifunga blanketi, na atafanya yote kwa upendo. Lakini mimi huku nina chumba changu, mjomba. Nina ufunguo wangu. Nina wateja wanaonijua kwa utani. Nikirudi nyumbani kama mgonjwa, nitabaki mgonjwa wa nyumbani maisha yangu yote. Ndiyo sababu siji harusini. Asubuhi ya kwanza tu angeniona nikishika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto.

Na ule msemo wa mficha maradhi naujua. Usiuandike.

Kijiko wako


10 Julai

Shikamoo mjomba,

Kimya chako kinanitisha. Umekasirika? Nitukane basi, nijue kuna mtu.

Kijiko


15 Agosti

Kijiko, roho yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Paa limepona. Kinanda anakonda kwa mapenzi, suti yake nimeipunguza mpaka kitambaa kinaniuliza kuna nini. Mama yako anakusalimia, na anasema trei ya mikate usiishike kwa vidole, ipakate kwa mikono yote miwili.

Ndiyo. Anajua. Ngoja, usiichane barua!

Sikumwaga mtama, naapa. Nilipoisoma barua yako nilifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani nimefiwa. Kila nikitaka kukujibu nauona ule mkasi mezani kwako. Nikajiambia, maneno sina, mimi nina cherehani. Nikachukua gauni la harusi nikaongeza ukubwa wa vifungo mpaka vikawa kama visosi. Lakini nitajuaje kama vinafaa, na vidole vyangu ni vizima? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikachukua mabaki ya vitambaa, nikazonga kila kidole mpaka kisikunjike, nikavaa glavu juu yake. Kisha nikaingia ndani ya gauni. Mzee mzima.

Weee! Nusura nikae humo mpaka Septemba. Cha shingoni sikukifikia, cha kiunoni kilinicheka. Nilitokwa jasho, nikavitukana vifungo, nikamtukana aliyevibuni, nikakumbuka ni mimi. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, dada yangu akaingia kuchukua pazia lake. Akanikuta na mvi zangu, ndani ya gauni, vidole vimezongwa matambara, nalia.

Nilijaribu kumwambia ni mtindo mpya. Aliniangalia tu. Unamjua akikuangalia. Nikasema yote.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaninyooshea mikono, akasema, "Nifunge na mimi." Nikamfunga. Akahangaika na kifungo kimoja cha blauzi yake muda mrefu, kikamshinda. Akataka kikombe cha chai, kikammwagikia magotini. Akauliza, "Kila asubuhi?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Dada yangu alilia, Kijiko. Hata tulipomzika baba sikumwona akilia vile.

Kesho yake alikuja na begi limejaa na tiketi ya basi mkononi. Nikasimama mlangoni. Tangu nizaliwe sijawahi kumzuia dada yangu njia. Nikamsomea kile kipande chako cha chumba na ufunguo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akatoka bila kuaga, na begi akaliacha hapa. Mpaka leo liko chini ya meza yangu ya kukatia. Sijamuuliza, naye hajalitaja.

Ila jioni yake alirudi, akanyoosha mikono tena. Tangu siku hiyo yeye ndiye mjaribu wangu. Namzonga vidole, anaingia ndani ya gauni, anatoka, anasema, "Bado. Fumua." Nilifikiri mimi ni fundi mkali, kumbe sijafanya kazi chini yake. Ndiyo sababu ya kimya changu. Nisamehe, mwanangu. Nilitaka nikujibu na kitu kinachovalika.

Sasa fungua kifurushi. Kamba haina fundo safari hii, nimeacha kitanzi, ingiza mkono wowote uvute.

Geuza mgongo. Vifungo vipo, vyote, vidogo kama vile vya kwanza. Havifungui kitu. Nimevishonea mpaka chini, ni vya kuwatambia watu. Gauni lenyewe linaingiwa kwa mbele kama koti, mikono ni mipana, bega halina haja ya kupanda juu. Chini ya lile pindo la kifuani utakuta... sawa, utakuta zipu. Ina pete kubwa, inaingia kidole gumba au hiyo penseli yako. Mama yako aliivuta macho yamefumbwa. Mtu akikuuliza, duka langu halitii zipu, na mimi nitakana mbele ya hakimu.

Njoo harusini au usije, gauni ni lako. Lakini mama yako ameniambia niandike maneno yake bila kuongeza chumvi, nami nayaandika: "Mwambie aje, na ruhusa yake ya kazini ikiisha arudi kwake. Asubuhi sitamgusa mpaka aniite. Nitakaa nje ya mlango." Unajua dada yangu hajawahi kukaa nje ya mlango wowote.

Ule msemo sijauandika, umeona?

Mjomba wako


30 Agosti

Shikamoo mjomba. Na shikamoo mama, maana najua unasoma juu ya bega lake.

Mimi leo ni mzima wa kweli, kesho sijui, na sasa naweza kukwambieni hivyo bila kujificha. Damu yangu imepimwa, daktari anasema wale walinzi wameanza kusikia. Wiki iliyopita kulikuwa na siku mbili mbaya, nikazilala, zikapita. Jirani anawasalimu. Ameniomba anwani ya duka ili aagize gauni. Nimemwonya asitaje zipu.

Mama, lile begi litoe chini ya meza ya mjomba, anahitaji nafasi ya miguu. Ulete harusini zile nguo zako ulizozipakia, tuzivae. Nitakuja siku tatu kabla, na nitarudi huku kazi ikiniita. Asubuhi utanisikia nikiguna na bakuli langu la maji ya uvuguvugu. Nikikuita, ingia. Sidhani nitakuacha nje muda mrefu, lakini niache nikuite. Nilikuogopa wewe kuliko ugonjwa, na sasa naona haya kusema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mjomba, kifurushi kilifika Ijumaa. Nikavuta kitanzi. Jirani alikuja mbio kunivalisha, nikamwambia akae kitandani atulie. Nikaingia kama ninavaa koti. Kidole gumba kwenye pete, nikavuta, ikapanda mpaka juu. Jirani akapiga yowe, watu wa chini wakagonga dari na ufagio. Nikalivua mwenyewe. Kisha nikalivaa tena, bila sababu yoyote, kwa raha zangu tu. Nikaenda nalo kazini, nikasimama kaunta nimewapa wateja mgongo muda wote nikijidai natafuta mifuko, ili waone vifungo. Bosi alidhani nimechanganyikiwa. Mikate iliisha mapema.

Niliporudi jioni jirani alikuwa ametoka, mlango wake umefungwa. Nikasimama chumbani peke yangu, palepale nilipoushika ule mkasi. Nikaingiza kidole kwenye pete, nikavuta, nikatoka. Nikalitundika msumarini, nikavaa nguo yangu ya kulalia, nikazima taa.

Waite wateja wako wote, mjomba, na muuza viatu awe mbele. Wasomee kwa sauti: safari hii sikulala nalo.

Kijiko wenu